Kwanta si kifurushi cha nguvu

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa fizikia hapa Nairobi. Tuseme kwanta au kwantamu, na wingi wake ni upi? Tulifunzwa kuwa ni "kifurushi cha nguvu".

JIBU: Sema kwanta, mwanangu. Asili ni Kilatini, quantum, yaani "kiasi gani", na wingi wake huko ni quanta. Sisi tumelichukua umbo la wingi, kama tulivyofanya kwa data, tukalitia ngeli ya I-ZI: kwanta hii, kwanta hizi. Hayo "makwanta" achana nayo.

Sasa tuje kwa hiyo "nguvu", maana ndiyo iliyonichoma. Neno hili tumelitwika kila mzigo: nguvu za mwili, nguvu za umeme, nguvu za jua, nguvu za hoja. Mtaani sina ugomvi nalo. Katika fizikia ya kwanta linaua ugunduzi wenyewe.

Chukua bamba la zinki lililosuguliwa likang'aa, ulimulike kwa taa nyekundu. Ongeza ya pili, ya kumi, ya mia. Hakuna elektroni, zile chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, itakayochomoka. Zima zote, kisha washa taa moja hafifu ya miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho: elektroni zinachomoka papo hapo. Niambie basi, mwanga upi una nguvu? Ukisema mwekundu, kweli, maana ndio ulioumiza macho. Ukisema urujuanimno, kweli pia, maana ndio uliong'oa elektroni. Neno linalokubali majibu mawili yanayopingana haliwezi kubeba kanuni ya maumbile! Ule mwekundu umezidi kwa ukali. Urujuanimno umezidi kwa nishati ya kila kwanta. Tofauti hiyo ndiyo Albert Einstein aliyoieleza mwaka 1905, na ndiyo iliyomletea Tuzo ya Nobel ya 1921: nishati ya kwanta moja hufuata masafa ya mwanga, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, si wingi wa taa. Max Planck alikuwa ametangulia, Berlin, Desemba 1900, alipokokotoa nishati kwa mafungu yasiyogawanyika, kila fungu likiwa masafa mara kile kipimo kidogo mno kinachobeba jina lake. Weka "nguvu" mahali pa "nishati" na hutajua Einstein aligundua nini.

Nishati ni neno la Kiarabu, lenye maana ya uchangamfu. Hapa Kenya tuna kawi pia. Sisi tuna Wizara ya Kawi, Tanzania wana Wizara ya Nishati, na yote mawili nayakubali mradi usiyachanganye katika ukurasa mmoja. Ile inayosukuma na kuvuta iite kani.

Jioni taa zikififia, ukasema stima haina nguvu, nitakuelewa na nitakutafutia mshumaa. Lakini katika daftari lako futa hicho "kifurushi cha nguvu", uandike: kwanta ni fungu la nishati.