Maduka ya mjini Dodoma hayauawi na supamaketi

Mleta mada ameuliza kama supamaketi kubwa za nje zikija Dodoma zitamaliza maduka yetu ya zamani ya mjini. Mkuu, nimeuza duka Majengo miaka mingi, na naona unamshuku asiye mwizi.

Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka Tanzania 2014, maduka yake yakachukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Uchumi, ya Kenya pia, ikafunga maduka yake ya hapa Tanzania 2015. Nakumatt nayo ikaanguka huku wasambazaji wakiidai. Hao wote walikuwa na hela kuliko sisi wa humu tukichanga. Mangi wa mtaani bado yupo, kwa sababu anakupimia mafuta ya mia tano, anakukatia kipande cha sabuni ya mche, na mshahara ukichelewa anakuandika kwenye daftari. Kule ndani ya vioo nani atakukopesha?

Kinachotumaliza ni kodi ya fremu, yaani ya chumba cha duka. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ni wa 1973, tukazoea kusubiri. Ilipotangazwa 2016 kwamba safari hii serikali inahamia kweli, wenye nyumba wakaamka. Jirani yangu alikuwa akiuza vipuri vya baiskeli. Ukienda na gurudumu lililopinda, analizungusha mkononi kwanza, kisha anapekua makopo ya maziwa ya unga, anakutolea spoku mbili na nati yake moja. Hakulazimishi kununua seti. Mwenye nyumba akapandisha kodi, tena akataka ya mwaka mzima kwa mkupuo. Spoku mbili mbili hazilipi kodi ya namna hiyo. Leo pale pana wakala wa kutuma hela, kava za simu, na spika inayopiga kelele tangu asubuhi. Fremu inayofuata ni wakala. Ya baada yake, wakala.

Halafu hizi rangi! Kampuni inakuja kukupakia ukuta rangi yake bure, jina lako linabanwa pembeni ya bango. Nami nilikubali, rangi ni hela. Ila mgeni aliyeshuka treni ya SGR ukimwambia mkutane kwenye duka jekundu, atazunguka mpaka magharibi, maana mekundu ni mengi.

Kwa hiyo kama una mtu wako halmashauri, usimsumbue na supamaketi. Mwulize nani atawabana wenye fremu wapokee kodi ya miezi mitatu mitatu. Hizo supamaketi zije tu. Kwa jua hili la Oktoba, nitaingia hata kwa ajili ya kiyoyozi.