Tumeenda Lutamba tumeambulia yangeyange wawili

SWALI: Za siku wapendwa, mi msomaji wenu wa Lindi mjini. Pasaka tulijichanga na mashoga zangu tukakodi Noah tukawapeleka watoto kule Ziwa Lutamba wakaone wanyama na ndege, tukafika kwenye saa tano hivi, tukatandika mkeka chini ya mwembe, mihogo ipo, korosho zipo, spika ya muziki ipo. Mpaka saa tisa tumeona yangeyange wawili na mjusi! Baba watoto ananicheka mpaka leo eti nilienda kutalii majani. Hivi kule kuna kitu kweli?

JIBU: Pole shoga, ila ngoja nicheke kwanza. Saa tano, na spika juu? Hata mimi ningekuwa ndege ningehama.

Vitu vipo, we umewafuata saa yao ya kupumzika. Saa kumi na mbili asubuhi muwe mshakaa, kimya, na mbali na maji maana huku kwetu mamba na kiboko hawana utani. Halafu mwezi wa nne majani yamesimama, na wale ndege vitwitwi wanaotikisatikisa mkia ukingoni ndo wengi wanaondoka kurudi Ulaya na Asia kutaga, huko baridi ndo inaisha. Subiri Septemba, Oktoba, wageni washarudi, maji yamepungua, ndege wanajazana kwenye kidimbwi kilichobaki.

Msitu wa Litipo pale jirani nao una yake. Kuna komba mdogo wa Rondo, gramu 60 hivi, yani mzima mzima uzito wake kama yai la kuku wa kizungu, mkia kama brashi ya kusafishia chupa. Huyo ni wa usiku, mchana hata ukeshe humwoni, na dunia nzima anapatikana Tanzania tu, kwenye vipande vichache vya msitu wa pwani ambavyo tunavikata mkaa kila siku (haya, nanyamaza). Ule ni msitu wa hifadhi kwa hiyo pita kwanza kwa watu wa misitu upate ruhusa na mwenyeji wa kukuongoza, usijiingilie tu na tochi ya simu.

Ila mi ningekuwa na asubuhi moja tu ningekaa penye yungiyungi. Utaona ndege wa rangi ya udongo mwekundu, paji la bluu, vidole virefu hivyo mpaka unamwonea huruma, anatembea juu ya majani ya yungiyungi wala hazami. Ukimkuta na vifaranga jua huyo ni baba, mama akishataga tu kaenda zake kwa dume lingine. Ikitokea hatari baba anawabana wanae kwapani anaondoka nao, unaona vimiguu tu vinaning'inia chini ya mbawa.

Safari ijayo mchukue na baba watoto, akamwone mwenzie.