Mikondo "hushuka" au "huambaa" mwinuko wa bara?

Msomaji anayehariri kitabu cha jiografia cha sekondari ametuletea sentensi hii: "Mikondo ya bahari kuu hushuka mwinuko wa bara na kuchonga mashapo yake." Mwenzake amekipinga kitenzi "hushuka", naye anauliza kama "hupita kando ya" kingefaa zaidi.

Pingamizi hilo ni la haki. Mwinuko wa bara ni sehemu pana ya sakafu ya bahari inayoanzia chini ya mteremko mkali wa bara na kuinama taratibu, kwa kawaida chini ya digrii moja, hadi kwenye tambarare za kilindini. Mashapo yake huletwa na kupangwa na mikondo ya namna mbili, na kitenzi ndicho kinachoitenganisha. Ipo mikondo mizito ya matope inayoporomoka kwa uzito wake yenyewe. Tarehe 18 Novemba 1929 tetemeko la ardhi lilitokea kusini mwa Newfoundland, kisiwa cha Kanada. Nyaya za telegrafu zilizokuwa karibu na kitovu zilikatika papo hapo, kisha zile za kilindini zaidi zikafuata moja baada ya nyingine kwa muda wa saa zaidi ya 13, kadiri mkondo wa matope ulioanzishwa na tetemeko ulivyozifikia. Mkondo wa aina hiyo hushuka, na hapo sina neno.

Mwandishi wa kitabu, hata hivyo, anazungumzia mikondo ambayo wanasayansi wa bahari Bruce Heezen, Charles Hollister na William Ruddiman waliieleza mwaka 1966 walipochunguza mwinuko wa bara ulio mashariki mwa Amerika Kaskazini. Maji baridi na mazito yanayotoka kaskazini mwa Atlantiki husafiri kuelekea kusini, na mzunguko wa dunia huyasukuma upande wa kulia hata yakaegemea ubavu wa bara, kwa hiyo badala ya kuteremka huendelea kufuata mstari wa kina kilekile. Picha za sakafu ya bahari zilionyesha viwimbi vilivyochorwa kwenye mashapo na maji ya chini yaliyotiwa ukungu na matope, dalili kwamba hata huko maji hayakutulia.

"Hupita kando ya" hakitoshi, kwa kuwa msomaji ataona mkondo uko pembeni ya mwinuko, ilhali uko juu yake. Kitenzi cha kazi hiyo tunacho tangu zamani, nacho ni "kuambaa". Chombo kinachoambaa pwani hufuata umbo lake, rasi kwa rasi na ghuba kwa ghuba, bila kukata kuelekea nchi kavu wala kutokomea baharini. Mtu aweza kudai kwamba kuambaa ni kupita karibu bila kugusa, na mkondo huu unagusa. Ni kweli, lakini kinachotakiwa hapa ni mwelekeo wa safari, na hakuna kitenzi kingine kinachouonyesha kwa neno moja.

Mengine mawili msomaji hakuyauliza, ila yanaiharibu sentensi vilevile. "Bahari kuu" hutaja umbali kutoka pwani, haitaji kina. Mkondo wa Ghuba (Gulf Stream) wa Atlantiki nao uko bahari kuu, lakini huenda karibu na uso wa maji ukielekea kaskazini-mashariki, karibu kinyume kabisa na ule ulio chini yake. Heri kusema "mikondo ya kilindini". Na "kuchonga" ni kupunguza tu, ilhali mkondo huu hukwangua pale unapokaza mwendo na kulimbikiza pale unapolegea: Blake Outer Ridge, lililo mbali na pwani ya kusini-mashariki mwa Marekani, ni tuta kubwa mno la mashapo lililojengwa hivyo. "Kufinyanga" kunabeba yote mawili, kwani mfinyanzi huongeza udongo na huupunguza.

Sentensi iandikwe: "Mikondo ya kilindini huambaa mwinuko wa bara na kuyafinyanga mashapo yake." Kama sura hiyohiyo inaeleza pia maporomoko ya matope, "hushuka" kiachiwe maporomoko hayo peke yake.