Amin tulimpiga, lakini msimtumie kuhalalisha kila bomu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki liliuliza: utawala hasimu unapotishia wengine, upigwe au uzungumzwe nao? Chini yake mkaweka mfano: Tanzania ilimng'oa Idi Amin mwaka 1979, basi kwa nini Iran isifanyiwe vivyo hivyo? Mfano huo nausikia hata hapa barazani Ngamiani, Tanga, tena kwa watu wa makamo yangu wanaovikumbuka vita vile. Mimi Vita vya Kagera, vita vyetu hivyo na Amin, naviunga mkono mpaka leo. Mfano wenu ndio siukubali.

Kwanza mmeanza hadithi katikati. Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda Januari 25, 1971, Mwalimu Nyerere akakataa kumtambua. Obote akapewa hifadhi Dar es Salaam, wapiganaji wake wakapewa kambi, mojawapo ikiwa Handeni, mkoani kwetu. Septemba 1972 wakavuka mpaka kwenda kumtoa Amin kwa bunduki. Mpango ulikuwa pia na ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki: ichukuliwe Dar es Salaam, ipakie wapiganaji Kilimanjaro, ikawashushe Entebbe. Ilipotua Kilimanjaro magurudumu yakapasuka, safari ikaishia hapo. Waliovuka kwa nchi kavu walichakazwa Mbarara, na Amin akalipiza kwa kuzipiga Bukoba na Mwanza kwa ndege. Wanaoutaja mwaka 1979 kwa kifua mbele huwa hawautaji huu wa 1972.

Kilichofuata ni mazungumzo. Oktoba 1972, Siad Barre wa Somalia akiwa msuluhishi, ukafikiwa mkataba wa Mogadishu: kila upande urudishe majeshi yake kilomita 10 kutoka mpakani, na usisaidie wapinzani wa mwenzake. Amin hakugeuka kuwa mtu mwema. Ndani ya Uganda watu waliendelea kuuawa, na hilo mkataba haukuligusa kabisa. Ila miaka sita ikapita bila vita kati yetu, na katika miaka hiyo jeshi letu lilikua na kupata silaha mpya. Mkataba uliofanya hivyo siwezi kuuita woga.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 Amin akavuka mpaka wetu, akatangaza kwamba ardhi yote hadi Mto Kagera ni ya Uganda, na daraja la Kyaka likabomolewa. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa ng'ambo. Hapo sina cha kubishana na mtu. Mwalimu alisema sababu, uwezo na nia ya kumpiga tunavyo, na nchi nzima ikamwelewa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulituma wasuluhishi, lakini ukakataa kumlaani mvamizi. Aliyevamia na aliyevamiwa wakawekwa kwenye mizani moja. Nadhani diplomasia imepata jina baya kwa sababu ya usuluhishi wa namna hii. Ukishindwa kusema nani kavuka mpaka wa nani, kusuluhisha ni kazi bure.

Basi kumtoa mvamizi Kagera ilikuwa kazi moja. Kuibadilishia Uganda serikali ilikuwa kazi nyingine, na huko ndiko mfano wenu unakochechemea. Askari wetu, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, waliingia Masaka, wakapambana huko Lukaya na askari wa Gaddafi wa Libya, waliokuja kumsaidia Amin, mwezi Machi 1979, na Aprili 11 Kampala ikaanguka. Sasa tazameni tarehe: mkutano wa Moshi uliopanga nani atatawala baada ya Amin ulianza Machi 24. Wiki mbili na siku chache tu kabla ya Kampala kuanguka! Yusuf Lule aliyechaguliwa pale alikaa madarakani siku 68. Akaja Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980. Desemba ukafanyika uchaguzi uliomrudisha Obote, wengine wakayakataa matokeo, Museveni akaingia msituni, na Waganda wakaendelea kufa mpaka Januari 1986. Askari wetu hawana lawama kwa hayo. Kazi waliyopewa waliimaliza. Iliyobaki haikuwa ya bunduki.

Na huku nyumbani? Mwalimu alituomba tufunge mkanda miezi 18. Mliokuwa watu wazima wakati ule mnajua tuliufungua lini. Sabuni kwa foleni, khanga kwa orodha. Mpaka wa Horohoro, kati yetu na Kenya, ulikuwa umefungwa tangu 1977, kwa hiyo hata jamaa zetu wa Vanga, upande wa Kenya, hawakuweza kutuletea mche wa sabuni kwa njia ya halali. (Ya ngalawa usiku ni habari nyingine, na simtaji mtu.) Sivibebeshi vita mzigo wote: mwaka 1979 bei ya mafuta ilipanda duniani kote, na sera zetu nazo zilichangia. Lakini gharama ya vita, inayokadiriwa kuwa dola milioni 500, ilitoka katika nchi maskini. Horohoro yenyewe ilifunguliwa Novemba 1983, baada ya Nyerere, Moi na Obote kukaa Arusha wakazungumza.

Tuje kwa Iran. Sisemi watawala wa Tehran ni malaika. Wanawake walioingia barabarani kuandamana kule mwaka 2022 wanawajua kuliko mimi. Lakini tazama lipi liliifunga mikono. Mkataba wa nyuklia wa Julai 2015, kati yake na mataifa makubwa, Marekani ikiwemo, uliiruhusu kurutubisha urani (madini ambayo yakirutubishwa sana yanaweza kutengenezea bomu) hadi asilimia 3.67 tu na kubaki na akiba isiyozidi kilo 300, huku wakaguzi wa Wakala wa Kimataifa wa Nishati ya Atomiki wakiingia na kutoka. Mei 2018 Rais Trump akaitoa Marekani, ingawa wakaguzi walikuwa wakiripoti kwamba Iran inatimiza masharti. Mwaka uliofuata Iran ikaanza kuyavuka, na 2021 ikafika asilimia 60. Juni 2025 Israel ikashambulia, kisha Marekani ikapiga vituo vya nyuklia vya Fordow, Natanz na Isfahan. Kabla ya hapo wakala ulikuwa na hesabu ya kilo 440 hivi za urani ya asilimia 60. Baada ya mabomu Iran ikatunga sheria ya kusitisha ushirikiano na wakaguzi, na miezi ikapita bila mtu wa nje kuhakiki kilo hizo ziko wapi. Huo ndio ushindi mnaotaka tuushangilie?

Mtaniuliza, na Iran ikivamia jirani na kutangaza kwamba ardhi ya jirani huyo ni mali ya Iran, kama Amin? Ipigwe irudi ilikotoka, na mimi nitakuwa wa kwanza kuunga mkono. Anayetaka kuendelea hadi mji mkuu atuambie kwanza nani atatawala baada yake, nani atalipa, na mkutano wake wa Moshi ataufanya lini.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga