Namba za tiketi zinazojirudia

Ndugu, nimekuelewa: kila tiketi unaipa namba kwa Math.random (amri ya JavaScript ya kutoa namba za nasibu), na sasa mbili zimegongana. Kugongana ni tatizo dogo. Kubwa ni kwamba mjanja akikusanya namba chache anaweza kukokotoa zinazofuata, akaingia bure.

Kwenye Node (JavaScript ya upande wa seva) tumia crypto.randomUUID(); inakupa kitambulisho cha herufi 36 chenye biti 122 za nasibu. Kwenye Python ni secrets.token_urlsafe(32). Tafadhali usikikate kitambulisho ili kionekane kifupi! Hifadhidata nayo iwekee sharti la UNIQUE, linalokataa namba kujirudia.

UUID (muundo wa kitambulisho cha kipekee) toleo la 1 achana nalo, maana linabeba muda na mara nyingi anwani ya kadi ya mtandao, hivyo ni rahisi kukisiwa. Kwa kuwa unapokea pesa za watu, mtaalamu wa usalama aukague mfumo kabla hujaanza kuuza tena.