Barua kwa mwanangu: kiraka chako hakijadharauliwa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliisoma jana usiku, nikairudia tena alfajiri. Unaniuliza: "Mama, mwezi mzima kila jioni nimekaa narekebisha programu ya watu, tena bure. Nimewatumia kazi yangu, hii ni wiki ya tatu hakuna hata mmoja aliyeigusa. Wananidharau, au ni mimi nisiyefaa? Niache?"

Usiache. Ila ngoja nikueleze nilichokiona, maana nilikifungua kiraka chako, yaani yale mabadiliko uliyowatumia, nikakisoma chote, mstari kwa mstari, kama nilivyokuwa nikisoma vya wengine enzi zangu.

Hitilafu uliyoigundua ni ya kweli, na nimefurahi kwamba ni wewe uliyeigundua. Programu yao inajua kwamba mwaka unaogawanyika kwa 100 hauna Februari 29, ndiyo maana 1900 inaihesabu sawasawa. Imesahau kwamba unaogawanyika kwa 400 unayo. Kwa hiyo aliyezaliwa tarehe 29 Februari 2000 anaambiwa siku yake ya kuzaliwa haipo. Dawa ya hitilafu hiyo ni mstari mmoja, pengine miwili. Lakini kiraka ulichotuma kina mistari 1,400 na kimepita kwenye mafaili 38. Umesahihisha mwaka 2000, sawa. Halafu ukapanga upya nafasi za mwanzo wa mistari kila mahali, ukabadilisha majina ya funksheni (vipande vya programu vinavyofanya kazi moja moja) uliyoyaona hayapendezi, na ukaleta maktaba mpya ya tarehe, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ambao programu nyingine huutumia, kuchukua nafasi ya ile waliyokuwa nayo. Yote umeyafunga mzigo mmoja, ukaandika juu yake: "Marekebisho ya tarehe na usafi."

Mwanangu, kutoa kiraka ni kumpelekea mtu mtoto wa kulea. Wewe utarudi kwenye shughuli zako. Yeye ndiye atakayeamshwa mtoto akilia.

Unajua kwamba niliwahi kutunza maktaba ndogo ya kusoma mafaili ya majedwali. Sijawahi kukusimulia kilichonichosha. Mwaka wa tatu nilipokea kiraka kizuri ajabu, mistari kama 900, na kilifanya usomaji uwe wa haraka mara tatu. Nilikipokea usiku uleule kwa sababu niliona haya kumsubirisha mtu aliyejitolea kiasi kile. Alinishukuru, na sikumsikia tena. Simlaumu hata kidogo, alikuwa mwanafunzi na maisha yakamchukua. Miaka miwili baadaye watu wakaanza kuniandikia kwamba majedwali yao yanapoteza safu ya mwisho. Nilikaa Jumapili karibu miezi miwili nikisoma msimbo, maandishi ya programu, ambao sikuwahi kuuelewa, niliokuwa nimeupokea kwa haya. Nilipotafuta maelezo yaliyoambatana nao nilikuta neno moja tu: "Maboresho."

Wewe ulikuwa darasa la nne wakati huo, na unakumbuka Jumapili zile. Ulikuwa ukija kuniuliza nitamaliza saa ngapi.

Ndiyo maana nakusihi uyachukulie maelezo ya komiti, yaani maneno unayoyaandika kuambatana na kila badiliko unalolihifadhi, kwa uzito uleule unaoupa msimbo wenyewe. Msimbo unaonyesha umefanya nini, mtu akitazama ataona. Kwa nini ulifanya, hilo litapotea kama hukuliandika. Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ina njia ya kumsaka mkosaji kwa kugawa historia nusu kwa nusu: unaiambia toleo fulani lilikuwa zima na hili la leo ni bovu, inakupeleka katikati, unajaribu, inakupeleka katikati ya nusu iliyobaki. Komiti 1,000 zinachujwa kwa hatua kama 10 tu. Ni kitu cha kupendeza sana kukiona kikifanya kazi. Lakini hatua ya kumi ikikutua kwenye komiti ya mistari 1,400, umefikishwa mlimani ukaambiwa sindano imo humu. Watu wa kiini cha Linux, moyo wa mfumo huo wa kuendeshea kompyuta, wameiandika kanuni hii kwenye mwongozo wao wa kutuma viraka: kila badiliko linalojitegemea liwe na kiraka chake. Wewe unaweza kuona ni urasimu. Mimi naona ni kumhurumia mtu usiyemjua atakayekuja miaka sita baadaye.

Na si suala la kuchoka tu. Mwishoni mwa mwaka 2011 mchangiaji mmoja aliipelekea OpenSSL kipengele kipya. OpenSSL ni maktaba inayosimba mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Kipengele chenyewe kilikuwa chepesi: mashine moja inapeleka neno na kutaja urefu wake, nyingine inalirudisha kuonyesha kwamba ingali hai. Msimbo haukuhakikisha kwamba urefu uliotajwa ni wa kweli. Mtu akituma neno fupi akadai ni refu, seva ilijazia pengo kwa chochote kilichokuwa karibu ndani ya kumbukumbu yake, hadi kilobaiti 64 kwa ombi moja. Humo mlikuwa na nywila, hata funguo za siri za seva. Mpitiaji alikisoma kiraka na hakuliona hilo. Kikatoka na toleo la Machi 2012, na dunia ikaja kuambiwa Aprili 2014, kwa jina la Heartbleed. Miaka miwili! Maktaba iliyobeba kiasi kile ilikuwa ikitunzwa na watu wachache mno. Aliyeandika hakuwa na nia mbaya, na aliyepitia hakuwa mzembe. Jicho moja lililochoka lilipita juu ya mstari uliokosekana, na mstari unaokosekana ni mgumu kuuona kuliko ulio na kosa.

Sasa rudi kwenye mafaili yako 38 uniambie: ungependa msimamizi wa mradi, yule atakayekilea kiraka chako, ayapitie kwa haraka?

Kuna neno kwenye barua yako lililonigusa vibaya. Umesema programu ni huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo "wanawajibika kunijibu." Hapana, mwanangu. Leseni imekupa haki kubwa sana: kuitumia programu, kuisoma, kuibadilisha, na kuisambaza ikiwa na mabadiliko yako. Haikukupa haki juu ya muda wa mtu. Itazame SQLite, hifadhidata iliyomo karibu katika kila simu. Msimbo wake ni mali ya umma kabisa, chukua ufanye utakalo, lakini wenyewe hawapokei viraka kutoka nje, na wamelisema hilo waziwazi. Mradi wako haukufunga mlango namna hiyo, umefungua. Na siku mtakapotofautiana kabisa, bado unaweza kunakili yote ukaendelea kivyako. LibreOffice, programu ya kazi za ofisini, ilizaliwa hivyo mwaka 2010 kutoka OpenOffice. Ila ukifanya hivyo, mlezi ni wewe.

Kumsukuma msimamizi aliyeelemewa kunaweza kuleta madhara usiyoyategemea. Maktaba ya kubana data iitwayo XZ ilitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja, kwa kujitolea. Mwaka 2022 akaandamwa na ujumbe wa kumlaumu kwamba anachelewa, kwamba awaachie wengine. Alijibu kwa uungwana, akaeleza kwamba afya ya akili inamsumbua na kwamba kazi ile hailipwi. Wakati huohuo alikuwapo mchangiaji mmoja mpole, mwenye bidii, anayesaidia, na taratibu akapewa madaraka. Mapema mwaka 2024 mchangiaji huyo akapenyeza mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeugundua ni Andres Freund, mwandishi wa programu anayeshughulika na hifadhidata ya PostgreSQL. Aliona kuingia kwenye mashine yake kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida, na hakukubali kuipuuza nusu sekunde ile. Kila nikiikumbuka habari hii namfikiria zaidi yule msimamizi wa kwanza. Alikuwa amechoka, na hapakuwa na mtu wa kweli wa kumpokea mzigo.

Kwa hiyo ukitaka kuwasaidia watu wa mradi wako, uliza kwanza mzigo wao uko wapi. Nimepitia orodha yao ya hitilafu: nyingi zimeandikwa "haifanyi kazi" bila neno lingine. Chukua moja, ijaribu kwenye mashine yako, andika toleo unalotumia, hatua moja moja, ulitegemea kuona nini na umeona nini. Kazi hiyo haina sifa. Niamini, mimi ningemkumbatia mtu aliyenifanyia hivyo.

Au anzia nilikoanzia mimi, kwenye tafsiri. Watu hudhani ni kazi ya pembeni, nami nakasirika wakisema hivyo. Mchango wangu wa kwanza kabisa ulikuwa kuilalamikia programu iliyonipa neno moja la Kiingereza la kusema kitu kimeshafutwa, ili nilitafsiri mara moja, litumike kila mahali. Haiwezekani kwetu! Picha imefutwa, ujumbe umefutwa, faili limefutwa, kitabu kimefutwa, mtumiaji amefutwa. Mwandishi wa programu hakujua kwamba kitenzi chetu humtazama mwenye jambo kwanza ndipo kivae. Nilimweleza, akaacha kuunganisha vipande, akaanza kutuma sentensi nzima kwa kila kitu. Wenye lugha nyingine wakashukuru nao, kwa kuwa walikuwa na tatizo lilelile kwa sura tofauti. Zana ya gettext, inayotumika kutafsiri programu, yenyewe humuuliza mtafsiri lugha yake ina maumbo mangapi ya hesabu: Kijapani huandikiwa moja, sisi mawili, Kiarabu sita. Sikuwa nimeandika hata mstari mmoja wa msimbo, na programu ikawa bora kwa watu nisiowajua.

Kuhusu ile "bure" yako: wapo wanaolipwa. Sehemu kubwa ya mabadiliko yanayoingia kwenye kiini cha Linux huandikwa na watu walioajiriwa na makampuni kwa kazi hiyo. Lakini sitakudanganya kwamba kiraka hiki kitakuletea ajira. Kilichonibakiza mimi ni wale waliosoma kazi yangu kwa makini kuliko bosi yeyote niliyewahi kuwa naye. Walinirudishia kiraka mara nne, na mara ya nne nilikuwa mwandishi mwingine.

Jambo moja usilipuuze: usome mkataba wako wa kazi. Baadhi ya waajiri huandika kwamba lolote unaloliandika ni mali yao, hata la jioni. Mradi wenu unadai mstari wa Signed-off-by chini ya kila komiti, utaratibu ulioanzia kwenye Linux mwaka 2004, na kwa mstari huo unathibitisha kwamba una haki ya kutoa ulichokitoa. Usiuweke kabla hujajua jibu.

Basi fanya hivi. Lile ombi kubwa ulilowatumia, lenye mabadiliko yote pamoja, lifunge wewe mwenyewe, na uandike kwa upole kwamba unaligawa ili lisomeke. Tengeneza kiraka cha mwaka 2000 peke yake, na jaribio linaloshindwa bila mstari wako na kufaulu ukiwepo. Liulize 1900, 2000 na 2024. Maktaba mpya ya tarehe usiitume, waulize kwanza kama wanaihitaji. Majina ya funksheni yaache kama yalivyo.

Kabla hujatuma niletee maelezo yako ya komiti niyasome. Jumamosi nitakuwa na nafasi tangu asubuhi, unipigie.

Mama yako akupendaye