Mwaka wa Kuzaliwa Niliomwandikia Binti Yangu

Jioni ya tarehe 9 Desemba 2025, ikiwa imebaki siku moja sheria inayowazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao ya kijamii ianze kutumika hapa Australia, binti yangu wa miaka 13 aliketi kwenye meza ya jikoni nyumbani kwetu Perth akiwaaga rafiki zake mmoja mmoja, kana kwamba anahama mji. Asubuhi alipoamka, akaunti yake ilikuwa palepale, haijaguswa, ilhali ya rafiki yake wa karibu, ambaye mama yake alimwandikisha kwa umri wake wa kweli, ilikuwa imekwisha kufungwa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, sijavua hata viatu, alipokuja kusimama mlangoni pa chumba changu na kuniuliza, "Mama, kwani huko mtandaoni mimi nina miaka mingapi?"

Alikuwa na miaka 22, na aliyempa miaka hiyo ni mimi.

Tangu siku hiyo ndugu na marafiki, wa hapa na wa nyumbani Tanga, wamekuwa wakinipigia kuuliza kama sheria hii ina maana yoyote na kama na huko ingefaa. Mimi naiunga mkono. Hata hivyo, kila anayeniuliza humweleza kwanza habari ya mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu naamini kwamba katika nyumba nyingi ninazozijua tundu la kwanza la sheria ya namna hii limetobolewa na mzazi mwenyewe, kwa kidole chake, akiwa na nia njema kabisa.

Yangu ilikuwa nia njema. Ilikuwa Septemba 2021, wakati mipaka ya Australia ilipokuwa imefungwa kwa sababu ya korona, nasi hatukujua lini tungeweza kwenda nyumbani tena. Binamu zake Tanga walikuwa wakirekodi video za kucheza muziki na kuziweka mtandaoni, naye, akiwa na miaka 9, alikuwa akiziangalia kwenye simu yangu huku akilia kwa hamu ya kuwa nao. Nikaamua kumfungulia akaunti yake. Nilipoandika mwaka 2012 programu ilikataa, basi nikaizungusha ile miaka kwa kidole gumba hadi nikasimama kwenye 2003, mwaka niliofunga ndoa, nikijiambia kwamba huo sitausahau. Kazi nzima haikuchukua dakika mbili. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilinichukua miaka minne kuimaliza.

Kwa wasioijua vizuri, sheria yenyewe ilipitishwa na Bunge la Australia mwishoni mwa Novemba 2024 na ikatoa mwaka mmoja wa maandalizi. Inazitaka kampuni zenye mitandao mikubwa, ikiwamo Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat, X na YouTube, zihakikishe kwa njia za maana kwamba mtoto aliye chini ya miaka 16 hana akaunti kwao, na kampuni inayopuuza inaweza kutozwa faini ya hadi dola za Australia milioni 49.5. Mtoto hatozwi kitu, wala mzazi. Ridhaa ya mzazi nayo haihesabiwi: hata ukitaka kumruhusu mwanao, ruhusa hiyo si yako kuitoa. Jambo hili limewaudhi baadhi ya wazazi ninaowaheshimu, lakini mimi limenipa nafuu kubwa, kama nitakavyoeleza.

Wengi huuliza kwa nini miaka 16 wakati mitandao yenyewe ilishaweka 13. Hiyo 13 haikutokana na utafiti wowote wa kujua mtoto hukomaa lini. Ilitoka katika sheria ya Marekani ya mwaka 1998, iliyokusudiwa kuzuia kampuni zisikusanye taarifa za watoto wadogo bila ridhaa ya wazazi, na ambayo ilianza kutumika mwaka 2000, wakati mitandao ya kijamii tunayoijua leo haikuwapo kabisa. Kampuni zilizokuja baadaye ziliona ni rahisi zaidi kusema "hatupokei mtoto wa chini ya miaka 13" kuliko kuwatafuta wazazi wote hao na kuwaomba ridhaa, na dunia nzima ikaizoea namba hiyo kama vile imetoka kwa daktari. Nilipoijua historia hii, nilijuta zaidi kwamba hata hicho kizingiti kifupi mimi nilikiruka.

Sasa nieleze madhara ya ule uongo, maana sikuyaona mpaka tulipoketi pamoja mchana ule wa Desemba. Mitandao mingi huzifanya akaunti za vijana kuwa za faragha tangu mwanzo, na huwazuia watu wazima wasiowajua kuwatumia ujumbe. Akaunti ya binti yangu haikupata kinga hizo hata siku moja, kwa sababu tangu ana miaka 9 ilimhesabu kuwa mtu mzima. Video zake zilikuwa wazi kwa yeyote. Katika sanduku la ujumbe nilikuta maneno ya mtu aliyemsifia uchezaji wake, kisha akamuuliza anasoma shule gani, kisha akamwomba wahamie kwenye programu nyingine ili waongee vizuri. Hakumjibu, namshukuru Mungu. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alisema aliogopa ningemnyang'anya simu. Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa alikuwa akisema kweli: ningemnyang'anya.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba, ikiwa umemwandikia mwanao mwaka wa uongo, urekebishe mwenyewe, ukiwa umeketi naye, bila kuingojea serikali wala kampuni ikugundue. Anza kwa kupakua picha na video zake zote na kuzihifadhi mahali pengine, kwa sababu ukishaandika mwaka wa kweli akaunti inaweza kufungwa papo hapo. Sisi ilitufungia kabla sijanyanyua kidole. Halafu mwombe radhi. Najua kwamba kwa malezi yetu si kawaida mzazi kumwomba mtoto radhi, na mume wangu alinitazama kama niliyepotewa na akili, lakini huwezi kumfundisha mtoto ukweli wa umri huku ukiuficha uongo uliouandika wewe. Mwahidi pia kwamba akikuletea ujumbe wa mtu asiyemjua, simu haitachukuliwa, na ahadi hiyo uitimize hata siku ambayo damu inakuchemka.

Wala msitegemee sana mitambo ya kupima umri. Mtandao mmoja ulimtaka binti yangu ajipige picha ya uso ili kompyuta ikadirie miaka yake. Binti yangu ni mrefu, siku hiyo alikuwa amesukwa nywele za watu wazima kwa ajili ya harusi, na kompyuta ikampitisha bila swali. Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 27 na uso laini, alijaribu kwa mzaha akaambiwa athibitishe kwa kitambulisho. Tulicheka sana, ingawa mimi nilicheka nusu. Serikali ilitangaza Januari 2026 kwamba akaunti takriban milioni 4.7 zilikuwa zimeondolewa, na sina shaka kwamba kazi imefanyika, lakini ile ya binti yangu, kama nisingeifunga mimi, isingekuwamo katika hesabu hiyo.

La pili ni kujua mtoto anapoteza nini kabla hujafurahia alichokipoteza. Shirika la UNICEF lilionya, sheria ilipoanza, kwamba kuweka umri peke yake hakumlindi mtoto, na mimi nimeliona jambo hilo sebuleni kwangu. Katika akaunti ile binti yangu alikuwa na binamu zake, alikuwa na ratiba ya timu yake ya netiboli, na alikuwa na msichana mmoja wa shuleni, Mburundi anayezungumza Kiswahili kama yeye, ambaye walikuwa wakitumiana vichekesho ambavyo hakuna mwingine darasani angevielewa. Wiki mbili za kwanza alikuwa mnyonge kweli. Nilichofanya ni kushughulikia kila kimoja peke yake: binamu tukawapangia kuonana kwa video kila Jumamosi saa tisa alasiri ya Perth, ambayo Tanga ni saa nne asubuhi, ratiba ya timu nikaomba itumwe kwangu, na yule rafiki nikamkaribisha nyumbani, akaja, wakakaanga mandazi na kulijaza jiko langu unga. Kwa mzazi anayefanya kazi za zamu hili si jambo jepesi, lakini mtoto aliyefungiwa mlango bila kufunguliwa hata dirisha atautafuta upenyo, na kwetu upenyo ulikuwa karibu sana: kaka yake ana miaka 17, akaunti zake ni halali, na siku ya tatu tu nilimkuta binti ameazima simu ya kaka bafuni.

WhatsApp na Messenger hazimo katika sheria hii, na YouTube bado inaweza kutazamwa na mtu asiyeingia kwa akaunti. Ndani ya siku chache kundi la darasa lilikuwa limehamia kwenye ujumbe wa simu pamoja na ugomvi wake wote, nikahesabu asubuhi moja arifa 80 zilizoingia kati ya saa nne usiku na saa saba. Hapo sheria imefika mwisho wake na nyumba inaanza. Kwetu tunacho kikapu cha ukili nilichotoka nacho Tanga. Kimewekwa juu ya jokofu, na saa tatu usiku simu zote hulala humo, pamoja na yangu na ya baba yao. Wa kwanza kuivunja kanuni hii alikuwa mama yangu mzazi, maana saa tatu usiku ya Perth kwake ni saa kumi alasiri, amekwisha kuswali na sasa anataka kuwasikia wajukuu. Ilinichukua mwezi kumwomba ahamie Jumamosi. Wa pili nilikuwa mimi, kwa kisingizio cha rosta ya kazini, na watoto waliniona.

Nafuu niliyoisema ni hii. Kabla ya sheria, kila nilipokataa jambo la simu nilikuwa mama pekee aliye mshamba, kwa kuwa "mama zao wote wameruhusu." Shule za serikali za jimbo hili zilishapiga marufuku simu saa za masomo tangu mwaka 2020, na nilikuwa nimeona jinsi katazo la wote lisivyomuumiza mtoto kama katazo lake yeye tu. Sasa limefika nyumbani. Lakini hata pasipokuwa na sheria, wazazi wanaweza kujitengenezea kitu kinachofanana nayo: watafute wazazi watatu au wanne wa marafiki wa mwanao, si darasa zima, mkubaliane umri mmoja na saa moja ya kuzima. Sisi tulikubaliana wanne, mmoja akatutoroka, na bado watatu wametosha.

Kwa dada yangu na wengine walio nyumbani hali ina sura nyingine, na sheria ya Australia ikinakiliwa neno kwa neno haitawagusa. Tanzania laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha mtu mzima, na mtoto wa darasa la tano mara nyingi hana simu yake. Anayo ya mama, jioni, wakati mama anapika. Akaunti anayoiperuzi ni ya mama. Kwa mtandao, anayetazama ni mwanamke wa miaka 38, na utamletea vitu vya mwanamke wa miaka 38, kisha kwa kuona vitu ambavyo mtoto husimama kuvitazama utachanganya yote mawili, na hakuna sheria ya umri itakayoligundua hilo. Dada yangu nilimshauri mambo machache tu: aondoe mitandao hiyo kwenye simu ambayo mtoto huishika na kuiacha kwenye kivinjari chenye nenosiri, abadilishe namba ya siri ya pesa za simu kwa kuwa mwanawe alikuwa akiijua kwa kichwa, na simu itazamwe sebuleni, si chini ya chandarua. La mwisho ndilo lililomshinda, kwa sababu sebule yao ni chumba wanacholala. Basi wamehamia barazani.

Binti yangu atatimiza miaka 16 Agosti 2028. Ameiandika tarehe hiyo kwa kalamu nyekundu kwenye kikaratasi na kukibandika mlangoni mwa jokofu, chini kidogo ya kile kikapu, na kila nikifungua kuchukua maziwa nakiona. Tumekubaliana kwamba siku hiyo tutafungua akaunti mpya pamoja, na kwamba mwaka wa kuzaliwa atauandika yeye.